Nchi Iliyokuwa na Kitasa Kimoja

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, maana woga niliuacha siku nyingi. Ni kwa adabu tu, na pia kwa sababu nina dada yangu bado anaishi kule na akaunti yake inafanya kazi vizuri. Nchi yenyewe ni nzuri. Ina milima upande mmoja, ina wizara pande zote, na wananchi wake wanapenda sana maendeleo, hasa yanapotangazwa. Nitasimulia niliyoyaona na niliyoambiwa na watu wazima wenye akili zao, bila kuongeza chumvi. Msomaji akionja chumvi, ajue mimi niliikuta humo.

Hapo awali, raia wa nchi ile alikuwa anateseka. Alikuwa na ufunguo wa nyumba mfukoni, kadi ya hospitali kwenye pochi, kitambulisho cha kura ndani ya sanduku, albamu ya picha kabatini na kanda za kaseti chini ya kitanda. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akipoteza kimoja, alibaki na vingine vyote. Wataalamu walikuja, wakaangalia, wakasikitika, wakasema hiyo ni aibu kwa taifa linalotaka kwenda mbele.

Ndipo ikaja Kampuni ya Kitasa. Ilitoka ng'ambo, na ng'ambo yenyewe hakuna aliyeuliza ni ipi. Ilisema itampa kila mtu akaunti moja, bure kabisa, na kwa akaunti hiyo atafungua kila kitu: mlango wa nyumba, bomba la maji, wodi ya hospitali, geti la soko, darasa la mtoto, hata makaburi. Serikali ilifurahi mno, ikasahau kuuliza ufunguo wa akiba utakaa kwa nani.

Siku ya uzinduzi, Waziri wa Milango na Makaribisho, Mheshimiwa Daktari Erasto Mkunjo, alitoa hotuba ambayo mpaka leo watoto wanaikariri shuleni.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kuanzia leo, milango yote ni mlango mmoja! Mtu ataniuliza: Mheshimiwa, kitasa hicho kikigoma je? Nami namjibu, hakigomi! Ataniuliza tena: na kikigoma kweli? Nami namjibu, huyo si mwenzetu!"

Makofi yalipigwa. Kuna bwana mmoja hakupiga, yule aliyekuwa ameuliza, kwa sababu alikuwa ameshasindikizwa nje ya uwanja.

* * *

Baada ya hapo ikatangazwa Siku ya Kukabidhi Kumbukumbu. Malori ya wizara yalipita mitaani, na wananchi wakatoa picha zao za harusi, kaseti zao, na vyeti vya ubatizo na vya madrasa. Vyote viliingizwa ndani ya Kitasa kwa mitambo ya kisasa, halafu vile vya asili vikachomwa moto katikati ya uwanja wa mpira, katika kutekeleza kampeni ya taifa ya kupambana na vumbi. Mheshimiwa Mkunjo mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti.

Miongoni mwa waliokabidhi alikuwamo Bi. Sikudhani Machela, mjane ambaye nilipata kupanga chumba kwake. Yeye alikabidhi kaseti moja tu. Marehemu mumewe, Mwinjuma, alikuwa fundi redio, na alikuwa na tabia ya kuzijaribu redio kwa kujirekodi mwenyewe. Hakuwa mwimbaji. Kaseti nzima alikuwa analalamika: mara chumvi imezidi, mara paka kalala kwenye shati lake, mara timu yake imefungwa kwa uzembe wa golikipa. Kila asubuhi Bi. Sikudhani alikuwa akifungua akaunti yake, anaweka simu dirishani, halafu anafagia uani huku marehemu akilalamika.

Nilimuuliza siku moja kama hachoki kumsikiliza.

"Alipokuwa hai alinichosha sana," akanijibu. "Sasa namwacha aseme."

Ukiacha kiti chake na meza yake ya ufundi, hakuwa na kitu kingine cha Mwinjuma. Nguo zilishagawiwa, na picha pekee aliyopigwa ilitoka imetikisika. Alikuwa na sauti hiyo tu, na ilikaa ndani ya Kitasa.

* * *

Sasa lazima nieleze jambo moja la watu wa kule, la sivyo msomaji atawaona hawana akili. Bi. Sikudhani alikuwa Mndago, na katika nchi ile Wandago na Wakwezi ni watani. Mababu zao walipigana vita virefu, mikono ikachoka, wakakubaliana waendelee kwa midomo. Mkwezi akifiwa, Mndago ndiye anayechimba kaburi, na lazima amtukane marehemu, amtukane mfiwa, achukue kitu agome kukirudisha, mpaka mfiwa acheke. Mndago akikaa kimya kwenye msiba wa Mkwezi, watu humuuliza kama anaumwa au ana chuki.

Basi jirani yake, Mbaruti Lukindo, ambaye ni Mkwezi wa kuzaliwa, akafiwa na kaka yake. Bi. Sikudhani akiwa jikoni uani alichukua simu akamwandikia kama inavyotakiwa:

"Pole kwa kuondokewa na mlafi mwenzio. Mwambieni asiondoke na sufuria langu. Nakuja na jembe. Kaburi nitalichimba pana, nikutie na wewe humo humo ukiwa hai, nchi ipumue."

Mbaruti aliusoma ujumbe ule mbele ya ndugu zake. Alikuwa hajala wala kuongea tangu kaka yake afe. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba uji.

Lakini ujumbe ulikuwa umesomwa na mwingine pia. Kitasa kilikuwa na mashine ya kulinda usalama wa wateja, na mashine hiyo ilitengenezwa kwa watu ambao mtu akifiwa hutumiwa maua meupe, basi. Ikaona hapo kuna mwanamke anayepanga kumzika mtu hai, tena ametaja na chombo cha kazi. Ikaifunga akaunti yake palepale.

Bomba lilikata ndoo ikiwa nusu. Mlango wa nyumba ukajibamiza. Simu ikazima, ikawaka, ikaandika: "Akaunti yako imefungwa kwa usalama wako." Bi. Sikudhani akabaki uani amevaa kanga ya jikoni, ameshika mwiko.

Hata hivyo jembe alikuwa nalo nje. Akaenda nalo msibani, akachimba, akatukana, akamaliza kazi yake, ndipo akasema yaliyompata.

"Kumbe umefungiwa kwa ajili yangu!" Mbaruti akasema.

"Usijipe ukubwa. Hata panya ningemwandikia vile."

Mbaruti akampa barazani kwake pa kulala, akimwomba akae mbali na mbuzi asije akawaharibu tabia.

* * *

Kulala barazani hakukumsumbua Bi. Sikudhani. Kilichomsumbua ni tangazo la Kitasa kwamba akaunti zilizofungwa hufutwa mwisho wa mwezi, pamoja na vyote vilivyomo, ili kuokoa nafasi. Mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Akajifunga kanga vizuri, akaenda wizarani, na Mbaruti akaenda naye kwa sababu geti la wizara lilifunguka kwa akaunti tu.

Dirishani walimkuta kijana nadhifu, tai imembana, uso umejaa huduma.

"Shikamoo mama. Malalamiko yote yanapokelewa kupitia akaunti yako."

"Marahaba. Akaunti ndiyo ninayoilalamikia, mwanangu."

"Vizuri sana. Basi ingia kwenye akaunti, uilalamikie."

"Siwezi kuingia. Imefungwa."

"Hilo nalo ni lalamiko, mama," kijana akasema kwa huruma ya kweli. "Ukiingia, ulitaje pia."

Bahati ikawa kwamba Mheshimiwa Mkunjo alikuwa anapita ukumbini na wapambe wake. Bi. Sikudhani akamkingia njia. Waziri alimsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu msikivu, halafu akamshika bega.

"Mama yangu, nikueleze kitaalamu. Kimsingi, wewe hupo."

"Mimi huyu?"

"Kimwili upo, hilo sikatai. Serikali haina ugomvi wowote na mwili wako. Lakini kimfumo hupo. Sasa tukianza kuwasikiliza wasiokuwepo, wale waliopo tutawaambia nini?"

"Mheshimiwa, mimi kuwepo sihitaji tena," Bi. Sikudhani akasema. "Nataka sauti ya mume wangu. Nitoleeni hiyo, kisha mnifute hata kesho."

Mheshimiwa akaguswa. Akaagiza apigiwe simu Dada Upole, jambo ambalo Mbaruti angeweza kulifanya bila agizo la waziri. Dada Upole ni sauti ya Kitasa kwenye simu, sauti ya msichana mpole ambaye hajawahi kuzaliwa. Mbaruti akatoa simu yake.

"Karibu Kitasa!" Dada Upole akasema. "Ili tukusaidie kuingia, tafadhali ingia."

"Mwanangu, mimi nilikuwa natania," Bi. Sikudhani akasema. "Niliandika nitamzika, ni kweli, lakini ni mtani wangu, huyu hapa, mzima, anatafuna karanga."

"Asante kwa kukiri kosa lako. Je, umeridhika na huduma ya leo? Toa nyota."

Mbaruti hakutoa nyota hata moja. Akapewa onyo.

* * *

Wakati siku zinayoyoma, shangazi yake Mtukufu Rais akafariki. Bendera zikashushwa, redio zikapiga ngoma za polepole, na mabalozi wakapanga foleni kutoa rambirambi kwa lugha zao. Msiba ulirushwa moja kwa moja kupitia Kitasa ili taifa zima lilie kwa wakati mmoja. Nisisahau kusema kwamba Mtukufu Rais naye ni Mkwezi.

"Mchawi we," Mbaruti akamwambia Bi. Sikudhani, "msiba wa Mkwezi ule. Nani wa kukuzuia?"

Akaenda. Walinzi wa makaburi wakamtaka aingize akaunti, naye akajibu kwa kuanza kulia kwa kelele nje ya uzio: "Jamani, amekufa shangazi mchoyo! Leo ndiyo tutakula kwake!"

Mabalozi waligeuka wamekunja uso. Mtukufu Rais, aliyekuwa ameshasikiliza rambirambi nyingi zinazofanana, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu shangazi aage dunia akaonekana kama mtu aliyelelewa nyumbani kwao.

"Mwacheni huyo apite," akasema. "Mtani wangu huyo."

Bi. Sikudhani akapita moja kwa moja hadi kwenye kiti chenye nembo ya taifa, akakikalia. Akanyoosha mkono, akamvua Mtukufu kofia, akaivaa yeye. Mheshimiwa Mkunjo alitaka kuzimia, akaangalia kwanza kama wengine wanazimia.

"Nirudishie kofia, mwizi," Rais akasema.

"Sirudishi mpaka nipewe changu. Watu wako wa Kitasa wamenifungia sauti ya mume wangu."

Rais akaangua kicheko. Moyo ulimfunguka, akasahau mabalozi na kamera, akashika kipaza sauti akaliambia taifa: "Mmemwona mchawi huyu? Leo namfukia na shangazi kaburi moja! Na Wandago wenzake wote watafuata, mmoja mmoja, sibakizi hata wa mbegu!"

Umati ukalipuka kwa kicheko, Wandago wakicheka kuliko wote. Na waziri akacheka, baada ya kuangalia.

Mashine haikucheka. Ilichosikia ni Rais akitangaza kumaliza kabila zima, tena moja kwa moja hewani.

* * *

Kipaza sauti kilikatika. Milango ya magari ya mabalozi ikajifunga, mmoja akiwa ameshaingiza mguu. Geti la ndani la makaburi likajibana na jeneza likiwa upande wa nje. Mkuu wa majeshi alipata ujumbe kwamba Amiri Jeshi wake hatambuliki, na kwamba akitokea mtu akidai ndiye, asimpe taarifa zozote za siri. Kwa kuwa nchi yote, kwa ajili ya ufanisi, ilikuwa imeunganishwa chini ya akaunti ya Rais, Bunge lilizima, hazina ikazima, na taa za barabarani zikabaki nyekundu.

Mlinzi mmoja alimsogelea Mtukufu kwa heshima. "Samahani mzee, wewe unaishi wapi?"

Waziri akakimbilia simu yake, akamweka hewani Dada Upole.

"Mimi ni Rais!" Mtukufu akafoka.

"Karibu, Rais! Ili kuthibitisha kwamba wewe ni Rais, tafadhali ingia kama Rais."

"Binti, nilikuwa namtania huyu mama!"

"Asante kwa kukiri kosa lako."

Mtukufu alimgeukia waziri wake polepole. Mheshimiwa Mkunjo akafungua kinywa: "Kimsingi, Mtukufu, kimfumo..." Akakifunga. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na wengi wanaiona ndiyo bora.

Mwisho Wandago walichukua majembe, wakaangusha kipande cha uzio, wakambeba shangazi wakimtukana njia nzima hadi kaburini. Rais alitembea nyuma yao bila kofia, analia na kucheka. Wazee wanasema ulikuwa msiba mzuri.

* * *

Kitasa kilijibu baada ya siku kadhaa, nchi ikiwa imekaa gizani na wananchi wakiwa wameanza kuzoea. Kilisema kimegundua mashine yake haikuwa na taarifa kuhusu utani. Kilisema kinathamini sana mila za wateja wake. Na ili kuonyesha nia njema, wote waliofungiwa, mkubwa kwa mdogo, watapewa akaunti mpya, safi, zisizo na doa lolote la zamani.

Safi zikawa safi kweli. Katiba ilikuwa ndani ya akaunti ya Rais, nayo haikuwamo tena. Wanasheria walikaa wakaiandika upya kwa kukumbuka. Vifungu vya mamlaka ya Rais vilikumbukwa vyote, na viliongezeka kidogo. Vya haki za raia walikubaliana kwamba vilikuwapo.

Na ili taifa lisitegemee tena kampuni moja, Mheshimiwa Mkunjo akazindua kampuni ya pili, iitwayo Komeo. "Yeyote atakayekwama kwa Kitasa," akanguruma, "ataingilia Komeo!" Komeo ni mali ya Kitasa, na kulifungua unahitaji akaunti ya Kitasa, lakini rangi yake ni tofauti kabisa.

* * *

Siku akaunti zilipofunguliwa nilikuwa nimekwenda kumsalimu Bi. Sikudhani. Mlango wa nyumba ulifunguka wenyewe. Bomba likaanza kumwaga uani. Hakuliangalia. Aliwasha simu, akaiweka dirishani palepale alipozoea kuiweka, akabonyeza.

"Karibu, Bi. Sikudhani!" Dada Upole akasema kwa furaha. "Bado huna kumbukumbu yoyote. Je, ungependa kuanza kutengeneza sasa?"

Akabonyeza tena. Akaambiwa vilevile. Akakaa kizingitini akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, na hapa sitafanya mzaha. Niliumia. Nikaenda kufunga bomba ili nipate cha kufanya.

Mbaruti akaingia bila hodi. Alimtazama mara moja tu, akapita, akaenda kukaa kwenye kiti cha Mwinjuma karibu na meza ya ufundi, ambacho hakuna aliyekuwa anakikalia. Kwa watu wale, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu siku ya mazishi na kumwigiza mbele ya watu, na Mwinjuma alipozikwa, kwa kuwa naye alikuwa Mndago, Mbaruti ndiye aliyemwigiza. Akapandisha suruali juu ya kitovu, akakohoa kikohozi kirefu cha mvuta sigara, akaita kwa sauti ya puani:

"Sikudhani! Nani kagusa bisibisi yangu? Nikiweka kitu hapa kinapata miguu. Na chai hii umepika, au umeionyesha majani kwa mbali?"

Maneno hayo hayakuwa kwenye kaseti. Bi. Sikudhani akainua kichwa. Akavua ndala, akamrushia, ikampata sikioni.

"Mwongo! Hakuwa anasema hivyo. Neno la mwisho alikuwa analivuta."

"Kwa mbaaali," Mbaruti akasema.

"Ndiyo. Hapo umempata." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka, akafuta tena.

Mbaruti akajipapasa sikio, suruali bado iko juu. "Na mimi nikifa, mchawi we, utamsikia wapi?"

"Nitakuigiza wewe unavyomkosea," Bi. Sikudhani akasema. "Haya, rudia pale pa bisibisi."